Sifa za Ndege Ndogo Itiiyo Kupita Kiasi

Washairi na wanazuoni wamewasifu farasi, majahazi, kahawa na hata paka, lakini ndege ndogo ya umeme inayouzwa ikiwa tayari kuruka, ile ambayo mnunuzi huitoa sandukuni pamoja na mota yake, propela yake, betri, chaja na rimoti ya kuiongozea, haijapata wa kuipigia zumari, na inapotajwa hadharani aghalabu hutajwa na mtu aliyesimama chini ya mti akitazama juu. Upungufu huo unastahili kurekebishwa. Chombo cha povu gumu la plastiki, ambacho aghalabu hakifiki hata kilo moja na nusu, na ambacho kimewafundisha unyenyekevu wahandisi, madaktari na wanajeshi wastaafu bila kuwabagua kwa cheo wala umri, hakiwezi kuachwa kipite hivi hivi bila kutukuzwa.

Nasaba yake ni ya heshima. Mnamo Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Alphonse Pénaud alirusha mbele ya mashahidi ndege ndogo iliyosukumwa na mpira uliosokotwa, nayo ikaenda kama mita 40 kwa sekunde 11, zaidi ya miaka 30 kabla ya ndugu wawili wa ukoo wa Wright kupaa; na tarehe 30 Juni 1957, nchini Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha ndege iitwayo Radio Queen kwa mota ya umeme na betri za fedha na zinki, tukio linalohesabiwa kuwa la kwanza kurekodiwa rasmi la ndege ya kuongozwa kwa redio kuendeshwa kwa umeme. Zikafuata betri za nikeli na kadimi, kisha zile za lithiamu polima, nyepesi na zenye nguvu, ambazo ndizo hasa zilizoifikisha ndege hii mikononi mwa kila mwenye fedha na uwanja. Waasisi hao walizijenga ndege zao kwa mikono yao wenyewe, kazi iliyowachosha na kuwafundisha, na mwanafunzi wa leo amepunguziwa yote mawili.

Fadhila zake ndogo zitajwe kwa kupita. Haina moshi wala mafuta, na haipigi kelele za kumwamsha mtoto. Ikivunjika huungwa kwa gundi, hata ikifika msimu wa pili huwa na gundi nyingi kuliko ndege. Humjulisha mmiliki ni jirani yupi mwenye ngazi ndefu, na ni yupi mwenye mbwa. Hufupisha anasa, kwa kuwa betri yake humalizika katika dakika kumi hivi, hivyo hakuna aliyewahi kuchelewa chakula kwa sababu ya kuirusha. Wanaochelewa ni wale wanaoitafuta. Fadhila hizo ni njema, lakini hata kishada cha karatasi kinaweza kudai sehemu yake. Fadhila inayoitenga ndege hii na vyombo vyote, na ambayo haijapata kuelezwa kwa kina kinachostahili, ni utii.

Polisi wa Tanzania wamehubiri kwa miaka utii wa sheria bila shuruti, wazazi wameutamani kwa watoto wao na waajiri kwa vibarua wao, ila ni ndege hii pekee iliyoufikia kwa ukamilifu. Katika mpangilio wa rimoti uliozoeleka Marekani, kijiti cha kushoto huongeza au kupunguza mwendo wa mota, na cha kulia huinamisha pua, huinua pua na kugeuza chombo upande huu au ule. Na kila kijiti kinaposogezwa, hata kwa kutetemeka kwa kidole, wimbi la redio hukimbia hadi kwenye vimota vidogo viitwavyo servo, navyo huvuta waya zilizounganishwa na vibapa vya mkiani na mabawani. Servo haiulizi mwenye amri alikusudia nini. Haimkumbushi kwamba ardhi iko karibu, wala haimpi nafasi ya kufikiri upya, jambo ambalo hata karani mnyenyekevu kuliko wote angelifanya kwa kukohoa kidogo.

Ukamilifu wa utii huo hudhihirika zaidi ndege inapogeuka na kumjia mwenyewe. Maadamu inakwenda mbali naye, kulia kwake ni kulia kwa ndege. Ikishamtazama usoni, kulia kwa ndege ni kushoto kwa mtazamaji, naye anayeona inapinda kuelekea kushoto kwake husukuma kijiti kulia ili kuirudisha, na ndege, kwa unyofu usio na mfano, huinama zaidi upande uleule iliokuwa ikiinamia, kwa sababu huo ndio upande wake wa kulia na ndio alioutaja. Mtu huyo, akiona mambo yanaharibika, hurudia amri ileile kwa nguvu zaidi, na ndege huitii kwa nguvu zaidi, hadi wote wawili wakubaliane penye nyasi. Walimu wa mchezo huu huwapa wanafunzi kanuni moja ya kuokoa hali: ndege ikija, kijiti kisukumwe upande wa bawa lililoshuka, nalo litainuka. Kanuni hii ni sahihi, fupi na rahisi kukumbuka, ila tu hukumbukwa kwa urahisi zaidi mtu akiwa tayari ameshika vipande.

Wala ndege haimtii mtu peke yake, kwani utii wa kweli hauchagui bwana. Huitii hewa: bawa hubeba kwa sababu linaikata hewa kwa pembe ndogo, na pembe hiyo ikizidi kiasi cha nyuzi 15 mtiririko wa hewa juu ya bawa huvurugika na bawa huacha kubeba, basi mwanafunzi anayeiona ndege yake ikishuka polepole na kuivuta pua juu ili ipande, hupunguza mwendo, huongeza pembe, na hupata hasa kile ambacho sheria za maumbile zimemwandalia. Huutii uzito: betri ikisogezwa nyuma ya alama iliyowekwa chini ya bawa kuonyesha mahali pa mizani, mkia huelemea na chombo huwa hakitawaliki, ilhali ikisogezwa mbele kidogo chombo huwa kizito kugeuka lakini hurudi nyumbani. Na upepo huutii kuliko wote. Ndege ya gramu 40 inayosafiri kilomita 15 kwa saa, ikikabiliwa na upepo wa kilomita 20 kwa saa, hurudi nyuma huku pua ikitazama mbele, na mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki anayeijua kusi ya mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa itashukia wapi.

Betri nayo ina sehemu yake katika ufalme huu wa nidhamu. Kila seli ya lithiamu polima hujaa ikifika volti 4.2 na huharibika ikishushwa chini ya volti 3, kwa hiyo kidhibiti cha mota, kifaa kinachogawa umeme kutoka kwenye betri, hukata nguvu za propela volti zinapokaribia kiwango hicho, ili kuilinda seli. Huilinda seli juu ya bwawa, juu ya barabara au juu ya paa la msikiti bila upendeleo. Tena seli hiyo haipendi kuwekwa kabatini ikiwa imejaa, bali hutaka kupumzika ikiwa na kama volti 3.8, na isipotunzwa hivyo huvimba tumbo, na ikichajiwa vibaya huweza kuwaka moto. Ndiyo maana wenye uzoefu hawaichaji wakiwa wamelala, wala hawaiachi peke yake chumbani.

Huenda ikadaiwa kwamba siku hizi utii huo umepunguzwa makali, kwa kuwa ndege nyingi za wanaoanza zina jairoskopu, yaani kihisio kinachotambua chombo kinapoinama, pamoja na kompyuta ndogo inayokataa kukiacha kiiname kupita kiasi na kitufe cha kukirudisha katika usawa rubani akipotewa. Dai hilo ni la kweli kwa kiasi, na msaada huo si wa kudharauliwa. Lakini jairoskopu haioni mti. Haijui upepo unaelekea wapi, na mwanafunzi akiiweka ndege katika usawa kamili, ndege huendelea kuchukuliwa na upepo ikiwa katika usawa kamili, hadi inapokuwa nukta, na nukta haina kulia wala kushoto.

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na pengine hofu hiyo ndiyo iliyowazuia wengi kuitukuza ndege hii hadharani. Kwa upande wa ndege ni hofu ya bure, kwa sababu haisikii sifa. Anayezisikia ni mgema, yaani mtengenezaji pamoja na muuzaji wake, na maji yamekwisha kutiwa.

Sanduku linaahidi kwamba kila kitu kimo ndani, kisha kwa maandishi ambayo yangehitaji miwani ya sonara linaongeza kwamba betri za rimoti zinauzwa kando. Plagi ya betri ya kampuni hii haiingii katika ndege ya kampuni ile, na si kwa sababu umeme una kabila, bali kwa sababu mnunuzi aliyefungwa na plagi hurudi duka lilelile. Bawa la akiba linalotajwa kwenye kijitabu linapatikana mwaka wa kwanza, kisha muundo mpya hutolewa wenye rangi nyingine na bawa lisilooana na la zamani hata kwa tundu moja la skrubu, na ndege nzima, mota yake ikiwa hai na servo zake zikiwa hai, hutupwa kwa kukosa kipande cha povu. Na juu ya hayo yote zimo picha. Ndege inayomfaa anayeanza inajulikana tangu zamani: bawa likae juu ya mwili, ncha zake zipinde kidogo kuelekea juu ili bawa likishuka linyanyuke lenyewe, mwendo uwe wa polepole, na amri ziwe tatu tu, yaani nguvu za mota, pua juu au chini, na mkia kulia au kushoto. Ndege hiyo ina sura ya kizee, haipendezi kwenye picha. Kwa hiyo picha inayowekwa mbele ni ya P-51 Mustang, ndege ya kivita iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1940, yenye bawa la chini na mwendo wa haraka, na chini yake huandikwa kwamba hata asiyewahi kurusha ataimudu, kwa sababu ina kitufe. Huu ni udanganyifu, na anayeuandika anajua kuwa ni udanganyifu, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kumkabidhi mwanawe ndege hiyo siku ya kwanza.

Mtungo wa sifa hauna budi kurejea kwenye adabu zake, basi na wasifiwe pia wahakiki wanaotumiwa ndege hizo bure na kuzirusha mbele ya kamera asubuhi isiyo na upepo, kwa mikono yenye uzoefu wa miaka mingi, kisha wakatangaza kwamba ni rahisi. Hawakusema uongo, kwao ilikuwa rahisi.

Mamlaka za anga hazikubaki nyuma, ingawa kosa lao ni dogo zaidi. Nchini Marekani, ndege yenye gramu 250 au zaidi ni lazima isajiliwe kwa dola 5 za miaka mitatu, arushaye kwa burudani ni lazima afaulu jaribio la bure linaloitwa TRUST, na tangu Machi 2024 kanuni ya utambulisho wa mbali, yaani kifaa kinachotangaza kwa redio kilipo chombo, imeanza kusimamiwa kwa adhabu, isipokuwa katika viwanja vilivyoidhinishwa. Nchini Kenya, Kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya anga visivyo na rubani ziliweka mambo haya chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Tanzania nayo ina mamlaka yake inayopaswa kuulizwa kabla ya kitu chochote kupaa. Kanuni hizi zina sababu, kwa maana anga ni ya wengi na propela inayozunguka hukata kidole. Linaloshangaza ni kwamba zinajua kupima uzito wa ndege kwa gramu na kumtahini mrushaji kwa maswali, ilhali hakuna hata moja kati yake inayomtaka muuzaji aandike mbele ya sanduku, kwa herufi zinazolingana na zile za jina la ndege, chombo kilichomo kinamfaa nani na kinastahimili upepo kiasi gani.

Ndege yenyewe haina hatia katika shauri hili. Inafanya ilichoambiwa, na haikuandika maneno yaliyo juu ya sanduku. Kwa hiyo anayekusudia kuinunua, kabla ya kutoa fedha, na aombe aonyeshwe bawa la akiba, propela mbili na betri ya pili ya ndege hiyohiyo, viwe vimeshikwa mkononi na si katika ahadi ya wiki ijayo, kisha aulize kama plagi yake inaingiana na chaja za kampuni nyingine. Akijibiwa kwamba anayejua kurusha hahitaji akiba, na amwachie muuzaji ndege yake.