Koti la Seramiki

Bosi kalipaka gari lake koti la seramiki, kisha akaliegesha chini ya mwembe, Dar es Salaam, mji wa kunguru. Aliambiwa uchafu hautashika kirahisi. Yeye akasikia hautafika. Sasa kinyesi kimekaukia kwenye boneti, naye anamfokea kijana wa kuosha magari akisugue kwa tambara kavu! Taratibu, mheshimiwa. Kinyesi cha ndege kina asidi: kiloweke kwanza, kilainike, ndipo uoshe kwa shampuu isiyo kali. Nalo vumbi la chuma litokalo kwenye breki lina dawa yake, inayogeuka zambarau ikilikuta. Ule udongo maalumu wa kusugulia rangi uwe chaguo la mwisho kabisa, maana huweza kulikwaruza hilohilo koti ulilolilipia. Kunguru wao hupaka bure.