Heko kwa Herufi Iliyokosewa

Washairi wetu wamesifu mvua, wamesifu majahazi, wengine wamesifu hata pilau, lakini ile R iliyojikalia mahali pa L haijapata wa kuitungia ubeti. Cheti cha kuzaliwa kinasema Halima, cheti cha kidato cha nne kinasema Harima, kitambulisho cha taifa kinasema Halma, na mwenye vyeti anazunguka mjini akiwalaani makarani watatu. Nashauri awashukuru. Katika bahasha nzima ya karatasi zake, herufi hiyo iliyopinda ndiyo shahidi mkweli kuliko wote, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna aliyekuwa na faida ya kuitunga.

Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Fikiria mtu anayetaka kujipenyeza kwa karatasi isiyo yake anavyojipanga. Anaanza na jina. Akiazima cheti cha mwenzake halibadilishi hata nukta: analivaa lilivyo, analipeleka benki, analipeleka kwa mwajiri, na kila dirisha linamkuta sawasawa. Kosa la tahajia humwangukia mtu halali, aliyezaliwa kijijini, ambaye jina lake lilitamkwa na bibi, likasikika kwa masikio ya karani wa kabila jingine, kisha likanakiliwa na mwalimu aliyekuwa akihangaika na orodha ndefu ya watahiniwa. Hayo ndiyo maisha yalivyo. Karatasi zinazokubaliana kupita kiasi ndizo za kutiliwa shaka.

Heshima ya kosa hili haiishii hapo. Tofauti ikiwa ndogo, mwenye jina huapa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo kwamba Halima na Harima ni mtu mmoja, jambo ambalo jirani asiye na kosa hajawahi kutakiwa kulitamka chini ya kiapo. Akitaka kulibadili jina kabisa, wakili humwandalia hati ya kubadili jina: ndani yake analiacha la zamani, anatangaza kwamba jipya litatumika katika shughuli zote, anatia saini mbele ya shahidi, na hati inapelekwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Tangazo hutoka katika Gazeti la Serikali. Mtu ambaye majina yake hayajawahi kupishana huenda akaishi na kufa bila serikali kumtaja popote; aliyekosewa herufi moja hutajwa katika gazeti lile lile linalobeba miswada na teuzi za wakubwa. Njiani amewalisha wakili, mchapaji wa steshenari, mwenye mashine ya fotokopi na bodaboda. Ni viwanda vichache vinavyoajiri watu wengi hivyo kwa malighafi ya konsonanti moja.

Nitaambiwa kwamba huu ni mzaha juu ya maumivu ya watu: mstaafu hupata taabu kulipwa mafao, mjane hukwama kwenye mirathi, kijana hukosa nafasi ya masomo akisubiri pasipoti. Ni kweli, na sibishi. Lakini kesi hiyo inamhusu mwenye dirisha. Herufi isishtakiwe bure. Serikali hiyo hiyo imempa mwananchi namba ya kitambulisho yenye tarakimu 20, ambazo nane za kwanza ni tarehe yake ya kuzaliwa, na imechukua alama za vidole vyake. Kuanzia Januari 20, 2020 ilianza kuzima laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama hizo, kwa kuamini kwamba kidole hakidanganyi. Kidole hicho hicho kinapofika kwenye dirisha la mafao, kinaambiwa kikalete kiapo. Herufi imetimiza kazi yake: imeonyesha kwamba ofisi zina ushahidi wa kutosha na bado hazisomani.

Wapo pia watakaouliza: ikiwa kosa ni jema hivyo, mbona tusiliache? Kwa sababu shahidi akishatoa ushahidi huruhusiwa kwenda nyumbani. Arekebishe mapema, kabla ya ajira na kabla ya uzee, na aanze na cheti cha kuzaliwa, maana karatasi nyingine huchota humo. Anayeanza na kitambulisho atajikuta akirudi dirisha lile lile mara ya pili. Hati ya kubadili jina aitunze pamoja na vyeti vya shule vyenye jina la zamani, kwani ndiyo daraja kati yao. Na tangazo likitoka, alisome herufi kwa herufi kabla ya kutoa nakala, kwa kuwa Gazeti la Serikali nalo huchapwa na binadamu.