Fungua Sanduku: Bi Sanduku awajibu wanaokwenda Ngazija

Wiki hii barua karibu zote zinatoka kwa watu wa aina moja: ameshakwenda Zanzibar, ameshapiga picha Nungwi akiwa amenyoosha mikono kama anayepaa, sasa anataka Komoro kwa sababu jirani yake bado hajafika. Sawa, mimi sina kinyongo. Lakini wengi wenu mnaiwazia Komoro kama hoteli kubwa iliyozungukwa na maji. Ile ni nchi, ina watu wake na shughuli zake. Tuanze.

Shikamoo Bi Sanduku. Nimepanga likizo ya Agosti Moroni. Tiketi za ndege zinakaribia kwisha, nyumba za wageni zimejaa, na bei ya gari la kukodi imepaa. Nilisikia visiwa vile havina watalii. Nani kavijaza?
*Mhasibu Mwenye Hasira, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Wamevijaza wenyewe. Julai na Agosti, Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi nyumbani, na kwa wiki kadhaa nusu ya Marseille inahamia Moroni. Wenyeji wanawaita *je-viens*, jina lenye utani na kijicho kidogo ndani yake. Hawaji kuota jua. Wanakuja kuoa, kuozesha na kulipa madeni ya heshima.

Ngazija, kisiwa chenye mji wa Moroni, kuna harusi na kuna anda, ile harusi kubwa. Mtu anaweza kuwa ameshaoa, ana watoto wanne na shahada mbili za chuo kikuu, na mbele ya mji wake bado akahesabiwa mtoto kwa kuwa hajafanya anda. Pale bangweni, kwenye uwanja wenye viti vya mawe ambako wanaume hukaa kuamua mambo ya mji, hana neno. Akishaifanya ndiyo anakuwa mtu mzima. Anavaa joho, anapewa nafasi yake msikitini, na akikohoa watu wanageuka kumsikiliza. Kwa hiyo mpishi wa shule huko Marseille anajinyima miaka kumi, pengine ishirini, akikusanya dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe, magunia ya mchele na nauli za ndugu. Shughuli zikianza haziishi kwa Jumamosi moja: leo kusoma Maulidi, kesho ngoma ya wanaume barabarani, keshokutwa twarabu mpaka alfajiri, na kila moja ina wageni wake, chakula chake na mavazi yake. Sasa niambie, mwenye gari atampa nani gari lake? Yule, au wewe na siku zako tano?

Ukitaka utulivu, nenda Juni, Septemba au Oktoba, kusi bado ikivuma na mvua hazijaanza. Zinashika kuanzia Novemba hadi Aprili, na zikija na kimbunga si mzaha. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipita pale kabla ya kwenda kuiumiza Msumbiji. Lakini kama ni lazima Agosti, weka tiketi mapema, na begini weka kanzu na kofia. Usiku utasikia ngoma, utachungulia, na kuna mtu atakwambia karibu. Ukiingia na kaptura yenye minazi watakupa sahani ya pilau, watakupa na kiti cha nyuma kabisa, kisha utaandikia safu hii kwamba Wangazija wana majivuno.

Nimempata mchumba wa Kingazija. Nataka nimuoe kwao, kisha nimlete Temeke kwa mama. Mama ametutengea chumba cha uani. Unanishauri nini?
*Kijana Mwenye Nia*

Chumba cha uani mwambie mama atafute mpangaji.

Ukitoka uwanja wa ndege wa Hahaya kuelekea Moroni, tazama pembeni mwa barabara. Utaona nyumba nyingi zilizosimama nusu: kuta zipo, paa hakuna, nondo zimechomoza juu. Usidhani wakandarasi wamekimbia. Baba anaanza kumjengea binti yake angali mdogo, chumba kwa chumba, kadiri pesa zinavyokuja kutoka ng'ambo, maana siku ya harusi binti anatakiwa awe na nyumba. Nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia. Kuna pia ardhi ya ukoo, manyahuli, inayorithiwa upande wa akina mama, na mwanamume hawezi kuamka asubuhi akaiuza. Utauliza, na sheria ya mirathi ya Kiislamu je? Nchi ni ya Kiislamu kwelikweli, na mashehe wake ni wanazuoni. Ila mila na sheria zimeishi pamoja pale karne nyingi na bado hazijapelekana mahakamani.

Maana yake kwako, mwanangu: mkigombana, atakayefunga mabegi ni wewe. Kwa hiyo kabla hujapeleka posa, jipime kama unaweza kukaa kwa wakwe na kusema "shikamoo" kabla hujapiga mswaki. Na mama yako mpeleke akaone mwenyewe. Akina mama wa Temeke nawajua: akishaona nyumba ya mkwe ina sebule mbili, atauliza kama wenyewe wana binti mwingine kwa ajili ya mdogo wako.

Nilikwenda na shilingi na simu yenye salio la kutosha. Nilikaa njaa. Kwa nini hamsemi?
*M-Pesa Haikujibu, Mbagala*

Tunasema leo. Nchi ile inatumia faranga ya Komoro, na faranga hiyo imefungwa kwa euro kwa kiwango kisichobadilika: euro moja ni faranga 491 na ushee, leo, kesho na mtondogoo. Hakuna cha kuvizia bei nzuri. Beba euro taslimu, noti safi, nyingi ziwe ndogo. Mashine za kutolea pesa ni chache na nyingi ziko Moroni. Ukivuka kwenda kisiwa cha Mwali ukitegemea kadi, utakula kwa fadhila za watu. Shilingi yako ni picha nzuri ya tembo. Ibadilishe iwe euro kabla hujapanda ndege.

Nilipita soko la Volo Volo nikaona wanawake kadhaa nyuso zao za manjano, zimekauka kama udongo. Niliogopa, nikarudi hotelini. Ni ugonjwa?
*Mwenye Tahadhari, Morogoro*

Ni liwa, bwana. Wao wanaiita msindzano. Kijiti cha msandali kinasuguliwa kwa maji juu ya kibao cha jiwe la matumbawe mpaka kinatoa uji mzito, unapakwa usoni, unakauka, unapasuka mistari midogo pembeni ya mdomo mtu anapocheka. Jua la pale ni kali, na ngozi za wale akina mama ukiziona jioni wameshanawa utaomba kijiti. Rudi sokoni ukanunue ndizi.

Kiswahili kitanitosha?
*Mvivu wa Lugha, Tabora*

Sokoni, ndiyo, kwa kiasi. Wafanyabiashara wengi wa Moroni wanaijua Kariakoo kuliko unavyoijua wewe wa Tabora, na wapo waliokaa Dar es Salaam miezi wakiuguza. Ila Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili, si pacha wake: utadaka maneno matatu na kudhani umeelewa sentensi nzima. Ofisini ni Kifaransa. Na ukivuka barabara tazama kushoto kwanza, maana magari yao yanapita kulia, na teksi ya Moroni haijui kuwa wewe ni mgeni.

Bi Sanduku, ndege ya kwenda Mwali imeahirishwa mara mbili. Kuna vijana wa boti wanasema watanivusha. Na wamesema kwa nyongeza kidogo kuna wenzao Nzwani wanaoweza kunifikisha hata Maore nikaone, nirudi. Nikubali?
*Mpenda Bahari, Tanga*

Hayo ni maswali mawili, na la pili sitalitania.

La kwanza: watu huvuka kwa boti kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija, hadi Hoani upande wa Mwali. Ukilazimika, vuka asubuhi bahari ikiwa bado haijaamka. Jaketi la kuokolea livae mwilini. Nimeona watu wanalikalia ili nguo zisilowe. Mkilundikwa kupita kiasi, shuka. Nauli uliyolipa isamehe. Ukifika salama, nenda Itsamia, kijiji ambacho kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Wanakijiji ndio walinzi wao, basi mfuate mwenyeji, zima mwanga wa simu, na kasa akianza kuchimba kaa nyuma yake kimya.

La pili: hapana. Maore, au Mayotte, iko kilomita 70 hivi kutoka kisiwa cha Nzwani. Katika kura ya 1974 visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, vilichagua uhuru, Maore ikachagua kubaki na Ufaransa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 6, 1975, na mpaka leo inahesabu Maore kuwa yake, huku Ufaransa ikiwa imeifanya mkoa wake tangu 2011. Tangu Januari 1995 Mkomoro anatakiwa awe na viza kuingia kisiwa ambako shangazi yake anaishi. Wasioipata hupanda mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, usiku, zimejaa wajawazito, wagonjwa wanaofuata hospitali, na watoto. Maelfu wamezama katika maji yale. Wewe unataka kupanda chombo hicho ukaone, urudi. Nenda ubalozi wa Ufaransa, omba viza, panda ndege kama watu wenye nafasi ya kuchagua.

Nimepanda Kilimanjaro mpaka kileleni. Huu mlima wao wa Karthala una mita 2,361 tu. Chupa moja ya maji na raba za mazoezi zinatosha?
*Shujaa wa Uhuru, Arusha*

Shujaa, Kilimanjaro ulibebewa maji na mtu mwingine. Karthala utatembea juu ya mawe ya volkano yanayokata soli, kwenye kisiwa kisicho na mto hata mmoja wa kudumu. Mvua inanyesha tele Ngazija, lakini lava ni kama chujio. Maji yanazama chini kabla hujainama kuyachota. Ndiyo maana nyumba nyingi zina birika la saruji la kukingia mvua, na ndiyo maana ukiona ndoo moja bafuni mwa nyumba ya wageni uoge kwa hiyo hiyo ndoo moja. Mlima wenyewe ulilipuka mara kadhaa kati ya 2005 na 2007, na majivu ya 2005 yaliingia katika mabirika hayo, watu wakabaki na maji wasiyoweza kuyanywa.

Chukua kiongozi wa kijijini, lita tano za maji kwa kila mtu, sweta, na hema ukitaka kulala juu. Anza kabla ya alfajiri, maana mchana ukungu hushuka na kasoko ile kubwa utaiona mita mbili mbele yako, nayo haina uzio.

Nataka nile gombessa. Hoteli gani wanapika?
*Mlaji, Mombasa*

Hakuna, na ushukuru. Huyo ndiye samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka zama za dinosaria, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini 1938 na wa pili Nzwani 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua bila kujua ni maiti. Analindwa, na isitoshe nyama yake ina mafuta mengi, haina ladha. Ukiwa na hamu ya kumwona akifanya kazi, tazama timu ya taifa, inabeba jina lake. Januari 2022 iliitoa Ghana katika Kombe la Afrika kwa mabao 3 kwa 2. Wewe agiza kambakoche kwa mchuzi wa vanila.

Nilinunua mafuta ya langilangi Mutsamudu, kule Nzwani, nikayatia kwenye chupa ya soda, nikaiweka begini pamoja na kanzu mpya tatu za baba mkwe. Kizibo kimeachia. Kanzu zinanukia mpaka barabarani. Nifanyeje?
*Mkwe Mwenye Wasiwasi, Kigamboni*

Mafuta hayo yanauzwa kwenye vichupa vidogo vya kioo kwa sababu tone moja linatosha. Wewe umemwagia mavazi ya mzee nusu lita ya kitu ambacho watengeneza manukato wa Paris wanakipima kwa gramu. Loweka kanzu usiku kucha kwa sabuni, zianike penye upepo, rudia. Harufu haitatoka. Mpelekee hivyo hivyo, mwambie ndivyo wavaavyo watu wazima wa Ngazija wakienda harusini. Mama mkwe akimwuliza alikuwa wapi, hilo lina safu yake, ukurasa wa 14.