Sifa za Jaa la Nyuma ya Jiko

Mnazi umeshasifiwa vya kutosha. Zamu ya jaa imechelewa. Nasema lile shimo la nyuma ya jiko, ambalo kila boma la Mbumbuni, huku Ukambani, linalo na hakuna mgeni anayeonyeshwa.

Kwanza, halijui kusema uongo. Mwenye nyumba atakwambia kwake hakipotei kitu, na karibu ni kweli: pumba za mahindi ya muthokoi ni za kuku, magunzi na mabua ya mbaazi huishia mekoni, na ganda la embe halijagusa chini mbuzi keshafika. Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 inataka zinazooza zitengwe na zisizooza. Mbuzi wa Ukambani alikuwa kazini kabla Bunge halijaamka. Basi kinachobaki shimoni ni kile tu kilichotoka dukani. Chungulia: vipakiti vya sabuni, betri za tochi, pakiti za maziwa katika boma lenye ng'ombe (hapo usiulize), na nepi, nepi, nepi. Matumizi ya mwezi mzima yamelala pale. Anayetaka kuyapunguza asisumbuke na daftari. Atafute kijiti, afukue.

Tena ni mwanahistoria. Fukua zaidi ukutane na mifuko ya plastiki, ile myepesi, mingine imeungua ikawa donge jeusi. Juu yake inaadimika ghafla. Hapo ndipo 28 Agosti 2017, marufuku ilipoanza, na faini ya hadi shilingi milioni 4. Akina mama wa huku hawakuhangaika sana; kiondo kilikuwa kimening'inia ukutani siku zote, kikingoja serikali.

Wanaolalamikia moshi hawana shukrani. Jaa likiwashwa jioni, harufu ya nepi iliyoungua nusu hupiga hodi kwa mwalimu na kwa mchuuzi bila ubaguzi.

Lakini ukarimu wake wote huja na mvua ya Novemba. Shimo hufurika, na nepi zilizogoma kuungua hushuka mtaro kwa mtaro, matuta ya fanya juu hayazizuii, mpaka kwenye kunde za jirani wa chini. Naye hupanda kilima na ushahidi kwenye ncha ya fimbo: "Jirani, hii si yenu?" Ukane vipi? Upande huu mtoto mchanga ni mmoja tu, na yuko mgongoni mwako.