Mbita Haisubiri Baraza

Mtihani wa leseni ya uuguzi hufanywa na mtu mmoja, lakini matokeo yake husubiriwa na ukoo mzima, kanisa, chama cha akina mama wauza omena, na wale wanaume wanaoshinda chini ya mti karibu na kivuko cha feri, ambao kazi yao sijapata kuijua ingawa nimeishi nao Mbita tangu ujana wangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilishughulika na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tangu ule wa kwanza wa mwaka 1985, nikastaafu muda mfupi kabla haujazikwa mwaka 2023. Kila Desemba nilikuwa na maneno yale yale kwa watoto waliokosa usingizi: tulieni, karatasi imeshakwenda, hofu haisahihishi mtihani. Niliyaona maneno ya busara kabisa. Mwaka huu binti yangu kitinda mimba, aliyerudi nyumbani kutoka chuoni Kisumu baada ya mtihani wa leseni, alinikuta sebuleni saa tisa ya usiku nikiikodolea macho simu, akaniambia, "Baba, tulia. Karatasi imeshakwenda." Nilimwona hana adabu.

Kwa wasiojua, mambo huenda hivi. Chuo humfundisha mtoto, humkeshesha wodini, humtahini, kisha humwachilia. Lakini si chuo kinachotamka kwamba yeye ni muuguzi. Anayetamka ni Baraza la Wauguzi la Kenya, lililowekwa na Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na baraza lina mtihani wake lenyewe. Wenzake wa maabara wana bodi yao, matabibu wana baraza lao, na madaktari pamoja na wale wa meno wana lao. Stashahada aliyosomea binti yangu imefungasha pamoja uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na afya ya akili, maana yake mtu mmoja anatakiwa ajue kufunga kidonda, kuzalisha, kuhimiza kijiji kichimbe vyoo, na kuzungumza kwa upole na mgonjwa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kati ya siku ya kuweka kalamu chini na siku ya matokeo, mtahiniwa huyu si mwanafunzi tena na si muuguzi bado. Kisheria hana cheo. Kwa hiyo hurudi kwao akaosha vyombo.

Mbita haina subira ya namna hiyo. Binti aliposhuka kwenye feri kutoka Luanda K'Otieno, kijana aliyembebea sanduku alikataa kulipwa. Alisema, "Hapana, daktari," akakunja suruali na kumwonyesha goti.

Kesho yake asubuhi nilifungua lango nikakuta watu wamekaa kwenye benchi langu, lile ninalolitumia kusomea gazeti. Wa kwanza alikuwa mvuvi aliyekuwa na ndoana ya mbuta ndani ya kidole gumba. Binti alimtazama kwa huruma, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo na kumwambia aende hospitali, si mbali.

"Nimepita hapo nikija huku," mvuvi akasema. "Kuna foleni."

Akafuata nyanya mmoja na karatasi ya dawa aliyotaka asomewe. Hapa nilimwuliza binti pembeni kama sheria inamruhusu kusoma. Hakunijibu, akasoma. Nyuma ya nyanya alikuwapo mzee wa boma la pili akiwa na mbuzi mwenye tumbo kubwa. Binti akasema, "Mzee, mimi sikusomea mifugo." Mzee akafikiri, akauliza, "Kwani ukunga hukusomea?" Mbuzi alikuwa na mimba.

Siku zikaenda hivyo. Binti hakumgusa mtu. Aliwasalimu wote, akawasikiliza wote, akawaelekeza hospitali wote, tena kwa jina la chumba cha kuingia. Mimi nilijivunia uaminifu wake, maana mtu asiye na leseni anayejifanya muuguzi anavunja sheria, na nilihakikisha kila aliyekuja analisikia hilo kutoka kwangu hata kama hakuuliza. Lakini uaminifu hueleweka vibaya. Chini ya ule mti wa kivukoni kulizuka madhehebu mawili. Wa kwanza walisema: ukiona hagusi mtu, jua amefeli, wanaficha. Wa pili walisema amepita zamani, ila Kisumu imemwingia kichwani na sasa vidole vya wavuvi vinamnukia. Mama watoto, ambaye huuza omena na anajua wateja walioudhika hawarudi, aliamua kwamba hakuna mgonjwa atakayetoka nyumbani kwetu mikono mitupu. Kila mmoja akapewa chai ya maziwa. Baada ya hapo benchi halikutosha. Kuna mtu alikuja mara kadhaa na maumivu ya kiuno yaliyoanza saa nne kamili, wakati wa mandazi.

Sasa niseme kuhusu simu. Ya binti ilizama ziwani siku ile ile ya feri, alipokuwa akijipiga picha na mawimbi. Kwa hiyo namba iliyoachwa kwa wenzake, kwa walimu, kwa kila aliyeweza kuleta habari, ilikuwa yangu. Simu yangu ni ile ya vitufe yenye tochi. Kabla ya hapo ilikuwa ikinipigia mkwe wangu tu, na mtu mmoja wa Kisii anayeamini mimi ninauza ndizi. Ghafla ikawa mali ya umma. Nilikatazwa kwenda nayo chooni. Nilikatazwa kuizima kanisani, mchungaji mwenyewe akiwa ameafiki. Ilipolia, watu waliacha kutafuna.

Basi jioni moja ikalia, mama watoto akaniwahi. Alisoma neno la kwanza, "Hongera!", na la pili, "Umefuzu", akaitupa simu kochini na kupiga vigelegele ambavyo nina hakika vilifika Luanda K'Otieno bila feri. Majirani wakaja mbio. Mmoja alikuja na kuku. Ilikuwa tayari tumeshikana mikono na kuanza wimbo wa kanisani nilipoiokota simu na kusoma ujumbe hadi mwisho. Binti yangu, au tuseme mimi, nilikuwa nimefuzu kupata mkopo wa shilingi 500, wa kulipwa kwa riba nafuu.

Vigelegele vikishatoka havina namna ya kuviita nyumbani. Tuliwaeleza watu, wakaitikia kwa vichwa, wakanywa chai, wakaondoka wakisema wameelewa. Kufikia mwisho wa juma binti alikuwa amefeli kivukoni, amepita kanisani, na sokoni alikuwa amekopa pesa.

Yaliyofuata yalitokea ng'ambo, Rusinga. Tulivuka daraja kwenda mazishi ya mtu aliyenifundisha nami nikiwa mtoto. Kisiwa hicho chenyewe kinajua kusubiri: mwaka 1948 mwanaakiolojia Mary Leakey alichimbua huko fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyekuwa amelala ardhini miaka ipatayo milioni 18 bila mtu kumtambua. Nilimweleza binti jambo hilo njiani ili kumtia moyo. Alisema halikumtia moyo.

Mazishi ya kwetu hayana haraka. Kuna hotuba ya ukoo, ya wakwe, ya shule, ya kanisa, ya chama, na za wanasiasa ambao kila mmoja huahidi kusema maneno mawili. Jua lilikuwa la ukingo wa ziwa, lile linalopiga kutoka juu na kutoka majini kwa pamoja. Zamu yangu ilipofika nilikabidhiwa kipaza sauti kwa niaba ya walimu wastaafu. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza kutaja shule alizofundisha marehemu, mama mmoja safu ya tatu akaanguka.

Hema zima likageuka kwa sauti moja: "Daktari! Daktari wetu yuko wapi?" Na binti alikuwa ameshainuka.

Hapo ndipo sheria yote, Sura ya 257 na vifungu vyake, ilipopanda kichwani mwangu kwa pamoja. Niliona baraza limekaa Nairobi, niliona jina la mwanangu likifutwa kabla halijaandikwa. Nikapaza sauti, "Yeye bado! Matokeo hayajatoka!" Nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti, na waliokodi mitambo walikuwa wamekodi ya nguvu. Watu waliokuwa wakifua ufuoni walisikia. Nahisi hata viboko walisikia.

Binti hakunigeukia. Aliwasukuma watu nyuma, akamlaza yule mama chali, akamlegeza kitambaa cha kiunoni, akainua miguu yake juu ya kiti cha plastiki, akamweka kivulini mwa mwavuli wa mbunge, akauliza kama amekula tangu asubuhi. Hakuwa amekula. Baada ya kitambo kidogo mama alifumbua macho. Hema likanyamaza tupate kusikia neno lake la kwanza.

"Yametoka?" akauliza.

Jioni tulirudi kwa miguu hadi tulipopata boda boda, na njia ilitupitisha Kasawanga, kwenye kaburi la Tom Mboya, lile jengo lililopewa umbo la risasi kwa sababu ya risasi iliyomuua Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Watu humkumbuka kwa vyama vya wafanyakazi, kwa uwaziri, kwa ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani. Wachache hukumbuka kwamba alianza kama mtu wa afya. Aliingia shule ya wakaguzi wa afya Nairobi mwaka 1948, akafuzu 1950, akaajiriwa na halmashauri ya jiji. Katika kitabu chake cha mwaka 1963, *Freedom and After*, anasimulia jinsi alivyokuwa peke yake ofisini akipima maziwa, akaingia mama wa Kizungu na chupa ya kupimwa, akaangaza huku na huku juu ya kichwa chake, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani. Mboya akamwuliza kama macho yake yana kasoro.

Nilimsimulia binti tukiwa tumesimama pale. Kijana wa Rusinga mwenye cheti chake halali hakuonekana akiwa amesimama katikati ya chumba, nawe huna hata karatasi ya kufungia mandazi lakini unaonekana hadi na mbuzi. Binti akasema, "Baba, na kuinua miguu ya mtu aliyezimia si kuvunja sheria. Hiyo ni huduma ya kwanza. Hata wewe ungeweza."

"Ningewezaje? Nilikuwa na kipaza sauti."

Baada ya mazishi yale benchi langu halikuwa tena na nafasi hata ya gazeti. Watu walianza kuja kwa boti kutoka Mfangano. Wengine hawakuwa wagonjwa, walitaka tu kumwona msichana aliyemfufua mtu (habari ilikuwa imenenepa njiani). Dhehebu la waliosema amefeli lilikosa wafuasi. Mimi peke yangu katika Mbita nzima ndiye niliyebaki sina hakika, na nilikuwa nikilala na simu chini ya mto, tochi ikiniwakia sikioni.

Matokeo yalitoka siku ya soko. Simu haikulia. Mwenzake aliyesoma naye, anayekaa Homa Bay, aliyaona mtandaoni akampigia jirani yetu muuza mafuta ya taa, jirani akamwita binti ukutani, binti akaenda akasikiliza, akarudi, akamwambia mama yake jikoni huku akigeuza ugali. Mama akamwambia mwenye mbuzi, aliyekuwa hapo kwa ajili ya chai. Mwenye mbuzi ndiye aliyekuja kunipa habari, mimi mlinzi wa simu, nikiwa nimekaa nayo mapajani imejaa chaji.

"Mwalimu, wanasema mtoto amepita," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha Kisii. "Kwani alikuwa hajapita?"

Nililia kidogo, si jambo la kuficha, kisha nikavaa koti nitangaze. Nilikwenda kivukoni, sokoni na kwa mchungaji. Kote nilijibiwa hivyo hivyo. Muuza samaki mmoja alinipa pole, akidhani kuna mtihani mwingine nimemletea habari zake. Nikarudi nyumbani nikiwa na hongera ambazo hakuna aliyezipokea, nikamkuta binti akimweleza mwenye mbuzi kwamba kufaulu ni hatua moja, kusajiliwa ni nyingine, na leseni ya kufanya kazi ni ya tatu, tena ina ada yake na huhuishwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini yule mbuzi amezaa mapacha, na mmoja hataki kunyonya."

Binti alinawa mikono, akavaa viatu. Kwa mbuzi, alisema, Baraza la Wauguzi halina neno. Nilitaka kumkumbusha kwamba madaktari wa mifugo nao wana bodi yao, lakini mama watoto alinikanyaga mguu.