Ya Mtumba au Mpya?

Mtoni hakuna mlima. Kuna mto Kizinga, uliotupa jina, kuna daraja, na kuna kale kamwinuko ka Barabara ya Kilwa ukishavuka kwenda Mtongani, ambako daladala iliyojaa hukapanda ikinguruma kama mtu anayedaiwa. Basi. Kwa nini mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwenye kitambi cha heshima, atake baiskeli ya kupandia milima, swali hilo mama watoto aliniuliza mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu kwa kuuliza chumvi iko wapi.

Jibu la kweli lilikuwa gia. Mimi nilijifunzia Swala ya marehemu baba, zile baiskeli zilizotengenezwa hapa hapa nchini enzi za viwanda vya umma: nyeusi, nzito, na gia yake moja ni mapaja yako. Tandiko sikulifikia, kwa hiyo niliiendesha nimepenyeza mguu katikati ya fremu, mwili upande, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Tangu siku hizo nilijiapiza kwamba nikikua nitapanda kitu chenye gia nyingi, hata kama sina pa kwenda nazo.

Nilipopokea mchezo wangu, laki tatu taslimu, nikafanya kosa la kuuliza kijiweni: nichukue ya mtumba au mpya? Ukitaka kujua Mtoni ina wataalamu wangapi wa jambo lolote, litaje mbele ya birika la kahawa. Nusu ya benchi ikasema chuma cha Mjapani hakifi, mtumba wake unaushinda upya wa wengine. Nusu nyingine ikasema mtumba ni kununua ugonjwa wa mwenzio. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaweka kikombe chini, akasema gia ni za magari, ninunue Phoenix, nikae kwa amani. Tukaachana bila muafaka, na kahawa ya wote nikalipa mimi.

Jumamosi nikaenda Tandika. Kijana muuzaji akaniamkia "Shikamoo, mzee wangu" kwa sauti ya upole mno. Salamu ya adabu namna ile sokoni huwa ina gharama zake. Akanitolea baiskeli ya bluu, shokapu mbele, shokapu katikati, matairi yenye meno kama ya trekta. Laki moja na themanini.

"Imeshuka juzi kwenye konteina. Ya Mjapani kabisa, mzee. Alikuwa anaendea kanisani tu."

Sikumuuliza Mjapani huyo ni wa dhehebu gani. Nilikuwa natazama vibandiko viwili kwenye fremu, vyote vya Kijapani. Chenye namba, kijana akaniambia, ndicho cheti cha ubora: gredi A. Kwa bahati nilikuwa na mtoto wa jirani, mwanafunzi wa chuo, ambaye simu yake inasoma maandishi ya nchi yoyote ukiyapiga picha. Kile cha namba kikawa cha polisi: Wajapani huandikisha baiskeli zao, ikiibwa ijulikane mwenyewe ni nani. Cha pili, kidogo, karibu na pedeli, mtoto akakisoma mara mbili ndipo akanionyesha. Kilisema baiskeli hii isiendeshwe kwenye njia mbovu.

Kumbe kule ziko baiskeli zenye sura ya milima tu, za kumfikisha mtu stesheni ya treni. Mtengenezaji, kwa woga wa lawama, anabandika onyo kabisa. Nikaupitisha mtaa wetu kichwani: mashimo, mfereji uliokatiza njia, na kile kifusi ambacho kila mwaka mpya unatukuta nacho.

"Kijana, mimi naishi Mtoni."

"Mzee, hilo onyo ni la kwao Japani," akasema bila kupepesa. "Huku halisomeki."

Usiku sikulala. Nikasoma kwenye simu habari za baiskeli hizi, na nilichokikuta kilinivuruga zaidi. Zimezaliwa California miaka ya sabini, kwenye Mlima Tamalpais, na vijana akina Gary Fisher na Joe Breeze hawakuanza na kitu kipya hata kimoja. Walikuwa wanaokota mikweche, baiskeli za Schwinn za miaka ya thelathini, wanateremka nazo vumbi tupu. Tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya shindano lao la kwanza la kuteremka. Breki ya nyuma ilipata moto hadi grisi inageuka moshi, na kila baada ya mteremko ilibidi kuifungua na kuijaza grisi upya, ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack. Breeze alikuja kuunda fremu mpya mahsusi mwaka uliofuata. Kwa maneno mengine, baiskeli ya milima ni mtumba kwa kuzaliwa.

Nikamwamsha mama watoto nimweleze. Akasikiliza macho yamefumbwa.

"Hao walikuwa wanateremka tu?"

"Wanateremka."

"Na juu walifikaje?"

Nikaangalia simu. "Kwa gari."

"Basi nunua gari." Kisha akageukia ukutani. "Au nunua hiyo mpya, watu tulale."

Kariakoo nilidakwa na winga kabla sijavuka barabara, na dakika kumi baadaye nilikuwa dukani mbele ya boksi. Mpya kwelikweli: gia ishirini na moja, rangi nyekundu, tandiko ndani ya nailoni. Laki mbili na themanini, elfu kumi ya winga. Kijana wa kuiunga akaja na spana moja na nyundo. Nilijiuliza nyundo ya nini, nikaona nisionekane mshamba. Pedeli ya kulia iliingia vizuri. Ya kushoto ikagoma, akaikaza kwa mwili mzima, ikalia, akaniambia upya huo, itazoea.

Nikaondoka kama bwana harusi. Usukani ulikuwa na tabia ya ajabu, unavuta kona kabla sijaamua, nikajiambia ndivyo za milimani zilivyo. Bendera Tatu nilijaribu gia nyingine, cheni ikatoka. Uhasibu nikajaribu nyingine, ikatoka tena, nikaamua ishirini zilizobaki niziache kama akiba. Sabasaba nikaanza kusikia kitu kinagonga chini ya mguu wa kushoto. Na pale Mtoni kwa Azizi Ali, mbele ya kituo kilichojaa watu na bodaboda wasio na abiria wala haraka, pedeli ya kushoto ikachomoka. Mguu ukapiga hewa, kifua kikapiga usukani, na mimi nikakaa chini katikati ya muuza mahindi na ndoo yake. Azizi Ali mwenye jina la kituo ni baba wa Dossa Aziz, yule aliyeipa TANU gari. Mimi saa ile hata pedeli ingenitosha.

Nikaikokota hadi kwa fundi wetu, chini ya mwarobaini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeipata mtumba?"

"Mpya. Leo saa nne asubuhi."

Akaizunguka taratibu, kama anayeaga maiti. "Foki wameifunga nyuma mbele. Umetoka nayo wapi?"

"Kariakoo."

"Mungu mkubwa."

Akanieleza nilichotakiwa kukijua kabla ya nyundo: uzi wa pedeli ya kushoto hukazwa kinyume, ili usijifungue ukikanyaga. Yule kijana alikuwa ameikaza kama ya kulia, ikala uzi wote. Fundi akageuza foki, akatia mkono wa pedeli aliouchomoa kwenye rundo lake la vyuma vya mtumba. Wiki iliyofuata breki, za Kijapani, za rundoni. Kisha cheni. Kisha magurudumu yote mawili, maana yangu yalianza kucheza baikoko. Tandiko nalo lilikuwa linanitesa, akanipa la zamani lililokwisha kulainishwa na mtu mwingine. Kila mara aliniuliza, "Hivi vya kwako nitupe?" Nami nikamjibu atupe. Baiskeli ikawa tamu. Kamwinuko ka Mtongani sasa nakapanda nimekaa.

Juzi nikapita kujaza upepo. Chini ya mwarobaini imesimama fremu ya Phoenix iliyopigwa rangi, na juu yake magurudumu yangu, breki zangu, na tandiko langu likiwa bado ndani ya nailoni. Mbele yake amesimama bwana wa rika langu, kitambi cha rika langu, mkono mfukoni.

"Hii huwezi kuiita mtumba," fundi alikuwa anamwambia. "Vifaa vyake vyote vya mwezi huu."

Yule bwana akaiona ya kwangu, akanigeukia kwa matumaini. "Samahani, kaka. Naona na wewe unayo. Nichukue hii, au niende tu Kariakoo nikanunue mpya?"

Fundi akanitazama. Nami nikamuuliza pampu iko wapi.