Jinsi ya Kumkamata Tapeli Mwenye Mabawa

Ukimwona kipepeo wa rangi ya machungwa akipita taratibu pembezoni mwa miombo ya Misunkumilo, usikimbilie kumtaja jina. Wapo wawili wanaovaa sare moja, na mmoja wao ni tapeli.

Mwenye sare halali ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, ambayo mingi ina sumu inayodhuru moyo, na sumu hiyo anaweza kubaki nayo mpaka anapoota mabawa. Ndege akimuonja humtema au hutapika, na siku nyingine akiiona rangi ile huipisha. Ndiyo maana bwana huyu haruki kwa haraka.

Tapeli ni jike la Hypolimnas misippus. Hana sumu yoyote, ila ameazima rangi, ncha nyeusi yenye madoa meupe, na hata ule mwendo wa madaha. Mumewe hashiriki ulaghai huo. Yeye ni mweusi, ana madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa zambarau, na ukiwakuta pamoja huwezi kuamini kwamba ni jamii moja. Mbinu hii ya kuiga wenye sumu ilielezwa na Henry Walter Bates mwaka 1862, baada ya kuwachunguza vipepeo wa Amazon.

Sasa kamata. Achana na ncha ya bawa la mbele, maana huko ndiko anakotaka utazame. Subiri atue na kutandaza mabawa juani, kisha kagua bawa la nyuma. Madoa meusi matatu au manne katikati: huyo ni Danaus. Doa moja tu, tena limejibanza kwenye ukingo wa mbele wa bawa hilo hilo: tapeli kapatikana!

Afrika Mashariki wapo Danaus wasio na ncha nyeusi kabisa, na wengine wenye bawa la nyuma jeupe. Misippus naye kawafuata wote, kila mtindo na sare yake. Kwa ufundi wa namna hiyo mimi namvulia kofia.

Usimchome pini. Piga picha ya bawa la nyuma kwa simu, andika tarehe na mahali. Na unapopalilia, mbali na malisho ya mbuzi, bakiza mpakani kichaka kimoja cha mimea ile yenye utomvu mweupe, viwavi wapate chakula.